Hesabu ya Mzee wa Hewa Bora



Kila mwaka ifikapo tarehe 16 Januari, siku ya mapumziko ya kumkumbuka Mzee Laurent-Désiré Kabila, ugomvi wa hapa Baraka huwa ule ule. Huanzia ufukoni kwenye mitumbwi, huingia sokoni, na kabla ya jua kuchwa umekwisha kupanda mlima hata Fizi pamoja na abiria wa pikipiki. Mmoja asema: yule ndiye aliyemwangusha Mobutu, na alikula sombe yetu, basi ni mtoto wetu. Mwingine amjibu: naam, alikula sombe yetu, na kuku, na mbuzi, akachukua na vijana, akaondoka bila kuaga. Wachimba dhahabu wa Misisi nao wana usemi wao, ambao hatutauchapa kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto wa shule.

Wasomaji wametuandikia wakitaka tuseme waziwazi tuko upande gani. Hatukatai kusema. Lakini sisi tunaotengeneza ukurasa huu ni makarani wa machimbo; mchana kutwa kazi yetu ni kuandika uzito na fedha. Karani hapendi kuulizwa kama mtu ni mwema au mbaya. Karani huuliza: ameingiza nini, ametoa nini, na risiti ziko wapi? Basi tumemfungulia Mzee ukurasa katika daftari, na tutausoma hapa mbele ya watu.

Alizaliwa Katanga tarehe 27 Novemba 1939. Watu wa Likasi wasema ni mtoto wao, watu wa Moba nao vile vile. Kesi hiyo hatuiingilii. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 hakuwa ametimiza miaka 21. Katanga ilipojitenga chini ya Tshombe, yeye alikuwa pamoja na vijana wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, waliokataa nchi kukatwa vipande. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na ndiyo sababu taifa lina siku mbili za maombolezo zinazofuatana, ya Kabila leo na ya Lumumba kesho yake. Mwaka wa 1964 vita vya Simba vilipowaka, Kabila alikuja mashariki pamoja na akina Gaston Soumialot. Uvira ilishikwa Mei, Albertville, yaani Kalemie ya sasa, ikafuata Juni. Huku kwetu Wabembe wengi waliingia vita vile kwa moyo wao wenyewe. Hakuna aliyewasukuma. Walikuwa wamechoka kuona uhuru umekuja nao wangali wakipigwa na askari wale wale.

Hapa ndipo ukurasa wa kwanza wa hesabu, na si mzuri.

Mwezi wa Aprili 1965 wageni walivuka ziwa usiku kutoka Kigoma, wakashukia Kibamba. Walikuwa Wakuba, wengi wao watu weusi, na mmoja wao alikuwa Ernesto Che Guevara, aliyekuwa waziri huko kwao, naye amejificha chini ya jina la Tatu. Wakubwa wao walipewa hesabu ya Kiswahili kuwa majina: Moja, Mbili, Tatu, jambo ambalo karani yeyote atalipenda. Baadaye walipita 100. Walikuja kusaidia vita ambavyo mkubwa wake upande huu wa ziwa alikuwa Kabila, kijana wa miaka 25.

Na mkubwa huyo alikuwa wapi? Mara Kairo, mara Dar es Salaam, mara Kigoma. Barua zilivuka maji zikisema anakuja kesho kutwa. Mwisho wa Juni watu walipelekwa kushambulia ngome ya Bendera, penye mtambo wa umeme, wakashindwa vibaya na wengine wakafa. Mitudidi, ambaye alikubali kukaa pamoja na wapiganaji, alikuwa amezama ziwani mwezi ule ule. Kabila alifika Kibamba mwanzoni mwa Julai, akahutubia vizuri sana, akatembelea walinzi, watu wakafurahi kama wamepata mvua. Juma moja halikutimia akarudi Kigoma. Guevara aliandika habari za vita vile katika daftari lake, likaja kuchapishwa miaka mingi baada ya kifo chake. Humo hakumwonea Kabila. Alisema kuwa kati ya viongozi wote aliowaona, huyu ndiye mwenye kipaji cha kuongoza umati. Ila bidii ya kazi hana, na starehe azipenda mno. Wazee wetu waliokuwa wabeba mizigo siku zile hawakuhitaji daftari la Mkuba kuyajua hayo. Wao ndio waliokuwa wakipandisha masanduku ya risasi mlimani, kutoka pwani hata kileleni.

Mwisho wa Septemba 1965 askari wa kukodishwa wa Mike Hoare walishuka hapa Baraka kwa mashua za vita. Mapigano yalikuwa makali, na hao askari wa kulipwa walisema wenyewe baadaye kwamba hawakutazamia upinzani wa namna ile. Lakini Baraka ilianguka, na Fizi ikaanguka Oktoba. Tarehe 21 Novemba Wakuba walivuka kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye Mobutu alitwaa serikali mjini Leopoldville.

Viongozi wengi wa Simba walikwenda zao, wengine Kairo, wengine Ulaya. Hapa yatupasa tuandike upande wa pili wa ukurasa, tena kwa wino uliokolea: Kabila alirudi. Tarehe 24 Desemba 1967, milimani kwetu, chama cha PRP kilianzishwa, na kambi yake ikaitwa Hewa Bora. Mtu aliyepumbaa Kigoma mwaka wa 1965 akaja kujenga jambo lililodumu karibu miaka 20, huku majeshi ya Mobutu yakilizunguka. Hilo si jambo dogo. Wengi waliomcheka hawakuweza hata mwaka mmoja.

Huko Hewa Bora kulikuwa na shule. Kulikuwa na zahanati. Kulikuwa na mashamba ya pamoja, na masomo ya siasa, na sheria zenye kuandikwa. Watoto walizaliwa huko. Joseph, aliyekuja kuwa Rais, kwa maelezo ya serikali alizaliwa Hewa Bora tarehe 4 Juni 1971. Mtoto wa mkulima aliweza kujifunza kusoma katikati ya msitu, wakati ambapo katika vijiji vingi vilivyo chini ya serikali mwalimu alikuwa hajalipwa. Tuliosoma kwa mapadri tusijione sisi tu ndio tuliopata kalamu.

Lakini chama kilikula nini? Swali hili ndilo letu makarani. Kilikula dhahabu ya mito yetu na pembe za ndovu, zilizovushwa ziwa usiku kwenda Tanzania na Burundi. Kilikula mihogo na maharagwe ya wanakijiji, na samaki wa wavuvi, na siku za kazi ambazo hazikulipwa. Aliyetoa aliitwa mwananchi. Aliyechelewa kutoa aliitwa msaliti. Na aliyetoa alipoteremka Baraka kununua chumvi, askari wa Mobutu walimkamata wakamwita muasi. Ndivyo watu wa Fizi walivyoishi, na shingo moja ndani ya kamba mbili. Wengine walivuka wakakimbilia Kigoma, na wajukuu wao wangali huko. Wengine waliuawa msituni kwa tuhuma za uchawi, na wengi wao walikuwa wazee. Mambo hayo husemwa kwa sauti ya chini hata leo, kwa sababu aliyeshuhudia na aliyetenda mara nyingine husali katika kanisa moja.

Gramu ngapi za dhahabu zilivuka? Hakuna ajuaye. Katika machimbo tunayofanyia kazi, karani akikosa kuandika gramu mbili, kapita humsimamisha mlangoni na kumpekua hata viatu. Miaka karibu 20 ya dhahabu ya Fizi haina hata karatasi moja iliyosomwa mbele ya wenye mto.

Mwezi wa Mei 1975 watu wa PRP walivuka ziwa hata Gombe, kule Tanzania, penye mzungu Jane Goodall aliyekuwa akichunguza sokwe, wakateka vijana wanne wa masomo, watatu wa Marekani na mmoja wa Uholanzi. Waliachiliwa mwezi mmoja mmoja hata Julai, baada ya fedha kulipwa. Kwa mara ya kwanza dunia ikasikia jina la Kabila. Wenzetu wengine wasema ilikuwa werevu. Sisi twasema kuwa kumteka mwanafunzi si vita, na kwamba Tanzania, iliyokuwa imetupa njia na hifadhi, ilitukanwa nyumbani kwake. Mwezi wa Novemba 1984 walishika Moba kwa muda mfupi, na Juni 1985 wakajaribu tena. Baada ya hapo msitu ukaanza kuwa mtupu. Mzee alikuwa akikaa zaidi Dar es Salaam kwa jina jingine, akifanya biashara.

Na Fizi? Fizi ilibaki pale pale, na askari wa Mobutu wakaja kutoza deni.

Sasa twawaomba wasomaji mvumilie tuwapeleke mbali kidogo, kisha tutarudi. Katika shule ya mapadri tulikosoma, kulikuwa na kitabu chenye picha ya George Washington, mwanajeshi wa Marekani aliyezaliwa Virginia mwaka wa 1732, akaongoza vita vya kuwatoa Waingereza tangu 1775 hata 1783, kisha akawa Rais wa kwanza wa nchi yake kutoka 1789 hata 1797. Sisi hatukumpenda kwa ajili ya picha. Baadaye tulisoma jambo moja juu yake ambalo lilitufanya tuweke kalamu chini.

Alipopewa jeshi mwezi wa Juni 1775 alikataa mshahara. Akasema ataandika gharama zake tu, na vita vikiisha ataomba alipwe kwa kadiri ya daftari. Na vita vilipokwisha, mwaka wa 1783, akalipeleka daftari kwa serikali, limeandikwa kwa mkono wake, miaka minane ya vita safu kwa safu. Makarani wa serikali wakalikagua. Msidhani alikula kidogo. Alipenda meza nzuri, na jumla yake ilipita ule mshahara alioukataa. Lakini lilikaguliwa. Mwaka ule ule maofisa wake ambao hawajalipwa walitaka kuitisha serikali kwa bunduki, naye akawazuia. Mwaka uliotangulia ofisa mmoja alimwandikia kwamba ingefaa awe mfalme, akamkemea. Kisha tarehe 23 Desemba 1783, katika mji wa Annapolis, alisimama mbele ya wajumbe wa baraza, watu wachache tu, akawarudishia karatasi ya ukubwa wa jeshi waliyompa. Akapanda farasi akaenda kwake shambani.

Wala hatusemi alikuwa malaika. Shamba lile lililimwa na watumwa. Alipokufa tarehe 14 Desemba 1799, watumwa zaidi ya 300 walikuwa wakikaa humo, na zaidi ya 120 kati yao walikuwa mali yake mwenyewe. Mwaka wa 1796, akiwa bado Rais, mwanamke mmoja aitwaye Ona Judge alitoroka nyumbani mwake, naye akatuma watu wamrudishe, wasiweze. Katika wasia wake aliandika kuwa watumwa wake waachwe huru baada ya kifo cha mke wake. Sisi tulio pwani ya ziwa hili, ambao babu zetu walivushwa hata Ujiji na minyororo shingoni, hatuwezi kusoma habari za uhuru wa Wamarekani bila kuuliza uhuru wa nani. Daftari lake la vita lina safu kwa chakula na farasi. Safu ya jasho la watu wale haimo.

Pamoja na hayo, jambo la Annapolis twalitaka. Mtu mwenye bunduki zote za nchi alikubali kuulizwa. Ndilo hilo tu tunalolichukua kwake. Mengine abaki nayo.

Turudi kwetu. Mwezi wa Oktoba 1996, mtu ambaye Kinshasa walidhani amekwisha kufa alionekana tena. Tarehe 18 Oktoba mapatano ya Lemera, katika wilaya ya Uvira, yalileta pamoja vikundi vinne kuwa AFDL. Waliotia sahihi ni Kabila wa PRP, Kisase Ngandu, Masasu Nindaga na Bugera. Nyuma yao yalikuwapo majeshi ya Rwanda na Uganda, na aliyekuwapo Uvira siku zile hahitaji kuelezwa lugha waliyoisema makamanda. Uvira ilianguka mwezi ule ule, Kisangani Machi 1997, Lubumbashi Aprili. Tarehe 17 Mei 1997 askari wa AFDL waliingia Kinshasa, wengi wao watoto tuliowaita kadogo, wamevaa mabuti ya mpira na wamevuka nchi nzima kwa miguu. Mobutu alikuwa ameondoka jana yake. Siku ile hata waliokuwa wakimlaani Kabila hapa Baraka walicheza ngoma barabarani. Waliokuwapo watuambia hawana haya ya furaha ile, wala hawana sababu ya kuwa nayo. Miaka 32 ni mingi.

Lakini tazameni sahihi zile nne. Kisase Ngandu aliuawa Januari 1997, kabla ya safari kufika mwisho. Masasu alipigwa risasi Novemba 2000 chini ya serikali ya Kabila mwenyewe. Bugera aliingia katika uasi dhidi yake mwaka wa 1998. Wanne walitia sahihi. Mmoja ndiye aliyeketi kitini.

Kabla ya mwezi wa Mei kwisha, amri ya katiba ilimpa Rais uwezo wa kutunga sheria, na wa kuzitekeleza, na wa kuweka mahakimu na kuwatoa. Vyama vilizuiwa kufanya siasa. Etienne Tshisekedi, ambaye alimpinga Mobutu bila bunduki kwa miaka mingi, alipelekwa kwa nguvu kijijini kwake mwezi wa Februari 1998. Mikataba ya madini ilianza kutiwa sahihi na kampani za kigeni hata kabla Kinshasa haijashikwa. Mingine ikavunjwa mwaka uliofuata, bila mchimbaji kuulizwa wakati wa kutia wala wakati wa kuvunja. Tena wakimbizi wa Kihutu waliouawa kwa maelfu katika misitu yetu wakati AFDL ikienda magharibi: Umoja wa Mataifa ulituma wachunguzi mwaka wa 1997, na serikali ikawazuia njia hata wakaondoka. Taarifa kubwa juu ya mambo hayo ilitoka mwaka wa 2010, Mzee akiwa amekwisha kufa.

Tuwe wenye haki. Tarehe 30 Juni 1998 alitoa fedha mpya, franga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000, na sisi makarani tukapumua, maana sifuri tano ziliondoka katika kila mstari. Na Julai mwaka ule aliwaambia askari wa Rwanda warudi kwao. Wengi walimwona kibaraka. Siku ile alionyesha kwamba hakuwa, au kwamba amechoka kuwa. Ilihitaji moyo. Waliokuwa wamemweka kitini walikuwa bado na bunduki nyumbani mwake.

Nani alilipa ujasiri ule? Vita vya pili vilianza tarehe 2 Agosti 1998, na mashariki ikatekwa. Mwisho wa Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, watu waliuawa Makobola, ndani ya wilaya yetu ya Fizi, mamia ya watu: wanawake, watoto, wenye kusali. Waliofanya ni askari wa RCD na wenzao wa Rwanda, na dhambi hiyo ni yao, hatumbebeshi Mzee. Twasema hivi tu: mwaka wa 1965 aliyelipa ni Fizi, miaka ya msituni aliyelipa ni Fizi, na mwaka wa 1998 deni lilipokuja tena halikuuliza njia.

Tarehe 16 Januari 2001 kijana mmoja wa walinzi wake alimpiga risasi ofisini mjini Kinshasa. Serikali ilificha kifo chake siku mbili. Tarehe 26 mtoto wake alikula kiapo. Kaburi lake liko mbele ya jumba la serikali, lenye sanamu kubwa, na wageni wa heshima hupelekwa huko kuweka maua. Hewa Bora hapana sanamu. Pana makaburi ya watu wasiojulikana na watu wa mbali, nayo yamefunikwa na majani.

Hukumu yetu ni hii. Kabila alikuwa mtu wa kustahimili kuliko wote wa kizazi chake, na aliyemwondoa Mobutu ana haki ya siku moja katika kalenda. Lakini hakupata kamwe kusimama mbele ya watu aliokula kwao na kusema: nilichukua hiki, nilifanya hiki, kilichobaki ni hiki. Alikuwa na nafasi. Kuanzia Mei 1997 hata Agosti 1998 alikuwa na miezi 14, na njia ya kuja Fizi ilikuwa wazi. Kumsifu bila kumdai ndiko kulikowafanya wengine wadhani kuwa msitu ni njia fupi ya kwenda ikulu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tumeyanywa maji yale mara nyingi.

Maana tangu siku zile hata leo vijana wetu hawajaacha kuitwa msituni. Kila kiongozi aja na jina jipya la chama, mhuri mpya, na kofia ya kanali. Hatuandiki hapa kuwataja, wao wajijua. Kwa kijana wa Misisi au wa Lulimba anayefuatwa usiku, tuna ombi moja. Kabla hujachukua bunduki, muulize anayekuita: daftari lako liko wapi, na nani atalikagua? Akikasirika, umekwisha kupata jibu, urudi ukalale. Wazazi nao wasiwacheke watoto wanaouliza hivyo.

Jambo la mwisho ni la kazi. Mwaka wa 1997 mwanahistoria Wilungula Cosma alitoa kitabu kwa Kifaransa juu ya msitu wa Fizi kutoka 1967 hata 1986. Twamshukuru. Lakini wengi walioishi mambo yale hawasomi Kifaransa, na kila msimu wa mvua twazika wengine wao. Kwa hiyo tumenunua madaftari manne ya jalada gumu, yenye mistari ya hesabu. La kwanza ni la waliokufa vitani au msituni, upande wowote. La pili ni la waliovuka ziwa wasirudi. La tatu ni la mali: ng'ombe, mitumbwi, nyavu, dhahabu, kwa nani na mwaka gani. La nne tumeliacha tupu kwa mambo ambayo hatukuyafikiri.

Kila Jumamosi baada ya saa nane mchana mmoja wetu atakaa kwenye dirisha la ofisi ya chama hapa Baraka, na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi atapanda Fizi baada ya ibada. Njooni mseme jina, kijiji, na mwaka. Asiyejua mwaka aseme ulikuwa mwaka wa kuanguka kwa Baraka, au mwaka wa Moba, au mtoto gani alikuwa bado ananyonya; tutatafuta wenyewe. Atakayesema akisaidia msituni na atakayesema akisaidia serikali wataandikwa kwa wino mmoja. Hakuna malipo, na jina la msemaji halitachapwa asipotaka. Mwenye kalamu aje nayo, kwa kuwa zetu zimebaki mbili.

Wahariri